Kabla hujaandika kuhusu mgahawa, gesti au fundi wa hapa Tanga, fanya hivi

Tanga tunajuana, na hilo ndo linabadilisha kila kitu. Mtu akiwa zake Sahare akaandika kwenye simu kwamba supu ya pweza ya mzee fulani imelala, haijafika magharibi ishafika Makorora, ishafika kwa mke wa huyo mzee, ishafika kwa aliyemuuzia huyo pweza, na kesho yake mzee anakaa na sufuria lake mpaka saa nne usiku hajauza hata vikombe vitano. Aliyeandika ye kashalala. Mi naandika sana kuhusu sehemu za kula na za kulala hapa mjini, nimekosea mara kadhaa, mara moja vibaya sana ntawaeleza hapo chini, kwahiyo haya ni mambo nayofanya sasa kabla, wakati na baada ya kuandika.

Na msidhani maneno yenu madogo. Michael Luca wa Harvard alitoa utafiti 2011 kuhusu migahawa ya Seattle huko Marekani, akakuta nyota 1 ikiongezeka kwenye Yelp, mtandao ambako wateja wanaandika maoni na kutoa nyota, mapato yanapanda asilimia 5 mpaka 9, ila hiyo ni kwa migahawa ya mtu mmoja mmoja, yale makampuni yenye matawi nchi nzima nyota haziyagusi. Sa fikiria. Kampuni kubwa likisemwa halisikii, ila mama mwenye meza ya chapati nje ya nyumba kule Ngamiani, anayepika kilo nne za unga asubuhi na hela ya hizo chapati ndo ya unga wa kesho, huyo anasikia siku hiyohiyo.

1. Jiulize we ni nani kwa hiyo biashara

Kabla hata hujaagiza. Ni ndugu yako? Shemeji? Mmesoma wote? Una duka jirani linalouza hichohicho? Unamdai au anakudai? Hapa kwetu ni ngumu kukuta sehemu huna uhusiano nayo kabisa, mana hata kama si ndugu yako bas kaolewa na wa kwenu, kwahiyo sisemi usiandike, nasema SEMA. Sentensi moja tu juu kabisa, "mwenye hii gesti ni mtoto wa mama mdogo", msomaji atapima mwenyewe. Kama kuna ugomvi wa hela au wa mirathi au wa mapenzi hapo ndo usiandike kabisa, hata kama chakula kweli kibovu, waachie wengine waandike.

2. Lipa hela yako

Hili kwa Pwani lina ugumu wake. Mtu akishajua we unaandika, au akikuona tu umekuja na simu unapiga picha sahani, anakwambia "leo umekula kwangu, hela ya nini". Na anasema kwa moyo, si rushwa, ndo tulivolelewa, mgeni hatoi hela. Ukimkatalia kwa ukali umemvunjia heshima. Mi nafanya hivi: nalipa KABLA sijakula, naagiza na kutoa hela hapohapo, hapo hamna anayeshtuka. Ikishindikana nikajikuta nimeshakirimiwa, namshukuru vizuri kama mtu aliyekirimiwa, na mlo huo siuandiki. Narudi siku nyingine, nalipa, huo wa pili ndo naandika. Na kama we umeamua kuandika wa bure bas useme ni wa bure, mstari wa juu, sio chini kabisa kwenye mabano ambako hamna anayefika. Marekani hili ni jambo la kisheria, tume yao ya biashara, FTC, inataka aliyepewa kitu aseme kapewa, na 2024 wakatoa kanuni ya kupiga marufuku maoni feki na ya kununuliwa. Google nao kwenye ramani zao hawaruhusu mwenye biashara kukupa soda au punguzo ili umwekee nyota tano, ingawa utakuta sehemu zinafanya hivo waziwazi kabisa.

Kwanini kulipa na kwenda kama kastama wa kawaida kuna maana, kuna mfano naupenda. Ruth Reichl alikuwa mhakiki wa migahawa wa gazeti la New York Times, mwaka 1993 akaenda kwenye mgahawa wa wakubwa unaitwa Le Cirque akiwa kajibadilisha, kavaa wigi, wakamtendea kama mtu wasiyemtaka. Akarudi wakamtambua, akapata meza nzuri na kila kitu. Akaandika yote mawili sambamba, nyota za ule mgahawa zikashuka kutoka 4 mpaka 3. Kilichonigusa mimi sio zile nyota, ni kwamba aliandika kwa ajili ya yule mtu asiyejulikana, aliyeweka akiba ili siku moja akae pale. Hata hapa yupo, kuna mtu anashuka stendi ya Kange saa mbili usiku hajui mtu, ana hela ya gesti ya usiku mmoja tu, na anategemea ulichoandika wewe.

3. Rudi. Halafu rudi tena

Hapa ndo pakubwa kuliko pote na ndo nlipokosea mimi.

Nlienda kula kwa mama mmoja anayekaanga samaki, sisemi mtaa gani. Akaniletea changu wa kiganja cha mkono kwa bei ambayo mwezi wa pili ungepata mkubwa wa kushiba watu wawili. Nikaandika siku hiyohiyo nikiwa na hasira, nikasema ameshajua kastama wapo bas kaanza wizi, neno hilohilo, wizi. Watu wakalisambaza na kucheka. Mi nikaona nimewasaidia watu.

Ilikuwa mwezi wa saba. Mtu yeyote aliyezaliwa karibu na bahari anajua mwezi wa saba ni kusi, upepo unavuma, bahari chafu, vyombo vidogo vinakaa juu ya mchanga siku tatu nne havijatoka, na vichache vinavyotoka vikirudi pale Deep Sea samaki wanagombaniwa kwenye mnada mpaka bei inakuwa haishikiki. Yule mama alikuwa ananunua ghali kuliko alivokuwa anauza miezi mitano nyuma. Alikuwa anaendelea kukaanga ili kastama wake wasihame tu, faida ilikuwa haipo. Na mimi mtoto wa hapahapa nisiyekuwa na kisingizio cha ugeni sikufikiria hata dakika moja kuuliza. Nlipopita baada ya wiki mbili nikakuta meza imebaki moja, msichana aliyekuwa anamsaidia kaambiwa apumzike kwanza. Akanikaribisha kama kawaida. Nikamwambia ni mimi niliyeandika. Akasema, "Nimeambiwa. Sa mwanangu, si ungeniuliza samaki bei gani huko chini?"

Tangu siku hiyo siandiki kitu kibaya kwa mara moja. Waandishi wa chakula Marekani walikuwa na chama chao kilichoweka mwongozo, sehemu mpya isubiriwe angalau mwezi 1 tangu ifunguliwe na mwandishi aende zaidi ya mara moja. Mi naenda mara tatu kama sehemu ni ndogo, na nabadilisha saa. Chapati ya saa moja asubuhi na ya saa tano sio chapati moja. Wali wa nazi wa saa saba na wa saa kumi uliobaki chini ya sufuria ni vitu viwili. Ijumaa baada ya swala pamejaa, usihukumu kasi ya huduma kwa Ijumaa peke yake. Ramadhani mchana usiende kupima kitu, subiri magharibi, afu ujue magharibi hiyo kila mtu anataka kuhudumiwa ndani ya dakika kumi.

Afu uliza bahari inasemaje. Nimeshataja kusi, ila kuna na mwezi: dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa taa haziwavuti, kwahiyo kuna siku kila mwezi dagaa wanaadimika na wanapanda bei, si kosa la muuzaji. Machungwa ya Muheza nayo yana msimu, juisi ya nje ya msimu itakuwa ghali. Na uliza maji na umeme. Gesti isiyo na maji siku moja mtaa mzima hauna maji ni habari ya mtaa, gesti isiyo na maji siku zote tatu ulizoenda huku jirani wanaoga, hapo sasa andika.

4. Tenganisha ulichoona, ulichohisi na ulichosikia

Ulichoona kina tarehe, saa, bei, na ulichoagiza. "Jumanne saa nane mchana niliagiza wali samaki, nikakaa dakika 50, samaki alikuwa baridi katikati." Hiyo hakuna mtu anaibishia, na mwenye biashara mwenyewe inamsaidia, anajua akaangalie nini. "Hawajui kupika hawa" haimsaidii mtu. Ulichohisi kiandike kama hisia zako, "mimi napenda nazi nzito, ya hapa ni nyepesi kwangu", sio kama hukumu ya Mungu.

Ulichosikia usikiandike. Hapa naomba mnielewe sana mana Tanga tuna jina baya kwa hili tayari. Biashara ya mtu ikichanganya, hasa ya chakula, hasa ya mwanamke mjane au mtu aliyehamia, maneno yanaanza, oh ana chuma ulete, oh anapikia maji ya kitu gani sijui, oh mtoto wake alifariki mwaka ule alioanza biashara. Watu wanaandika mitandaoni kwa mafumbo na vikaragosi wanajiona hawajasema kitu. Wamesema. Mtu kwa maneno hayo anakimbiwa, anahama nyumba, watoto wanasemwa shuleni, na hana namna ya kujitetea mana utathibitishaje kwamba HUNA kitu ambacho hakipo? Usiandike, usisambaze, na akiandika mwingine chini ya maoni yako futa.

Jingine ni tumbo. "Nimekula pale nikaharisha" watu wanaliandika haraka sana. Tumbo kukuvuruga kunaweza kutokana na kitu ulichokula masaa machache nyuma au siku kadhaa nyuma, kipindupindu kwa mfano kinaweza kuchukua masaa 12 mpaka siku 5 kabla hujaanza kuharisha, kwahiyo mlo wa mwisho kuula sio lazima ndo wenye kosa, unaweza kumtaja muuza bajia wa jioni kumbe ni maji ya juzi nyumbani kwako. Nenda kituo cha afya kwanza. Ukisikia mlikula watu wanne mkaumwa wote wanne hiyo ni taarifa ya kupeleka kwa afisa afya wa kata leoleo.

5. Pima mtu kwa mizani yake

Hapa kwa kifupi. Mama ntilie mwenye benchi mbili usimlinganishe na hoteli ya Raskazone yenye upepo wa bahari na vitambaa vya meza. Kwa mama ntilie nauliza: mikono inaoshwa, maji ya kunawa yapo, chakula cha moto, bei ileile kwa kila mtu? Hilo la mwisho liangalieni, kuna sehemu mgeni anatajiwa bei yake na mwenyeji yake, hilo mi naliandika bila huruma hata kama pilau ni tamu.

6. Watu na picha

Andika kuhusu biashara, sio umbo la mhudumu, kabila lake, dini yake wala mume wake. Mhudumu akikukosea usimtaje jina, sema "mhudumu wa zamu ya jioni", mana ukiweka jina bosi atamfukuza yeye na tatizo litabaki palepale, mara nyingi yupo peke yake anahudumia meza kumi.

Picha uliza kwanza. Kwetu biashara nyingi ziko barazani au uani kwa mtu, bibi anachoma vitumbua kajifunga khanga moja yuko kwake, unampiga picha unaweka na lokesheni, umeweka nyumba yake duniani. Wengine hawataki kabisa na wana haki. Mi namwonyesha picha kwenye simu, akisema hiyo toa, natoa, nabaki na picha ya vitumbua. Watoto wanaosaidia hapo siwapigi hata mzazi akiruhusu, na kastama waliokaa nyuma nakata, huwezi kujua nani kakaa na nani na kwanini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, ila hata ingekuwa haipo, khanga ni khanga.

7. Kuna kosa? Mwambie kwanza, isipokuwa…

Kosa la kawaida, chumvi imezidi, shuka halijafuliwa vizuri, fundi kachelewesha nguo ya Idi, mwambie mwenyewe, pembeni, kwa sauti ya chini, sio mbele ya kastama. "Mama, samahani, leo samaki kwa ndani hakuiva." Mpe nafasi. Akirekebisha, kwenye maandishi yako sema alikosea na alirekebisha, hiyo msomaji anaithamini kuliko sehemu unayodai haina kosa lolote. Akikujibu ovyo pia ni habari, iandike kama ilivyo, maneno yake na yako.

Hatari ndo usisubiri. Chakula kilichoharibika kinachouzwa tu, bidhaa iliyopita muda wake: afisa afya, au TBS, shirika la viwango, ambao toka 2019 ndo wanasimamia usalama wa chakula badala ya ile TFDA ya zamani, mamlaka ya chakula na dawa. Mizani inayocheza au lumbesa ni Wakala wa Vipimo. Nauli imepandishwa kiholela pale Kange, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Bidhaa feki, Tume ya Ushindani. Peleka huko KWANZA na uwe na risiti na picha, afu ndo uandike ulichofanya. Najua watu wanasema ofisi hazifanyi kazi. Peleka hivohivo, mana kuandika tu hakumwondoi yule samaki mbovu sokoni.

Na ujilinde. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16, kuchapisha taarifa ukijua ni ya uongo ili kumchafua au kumpotosha mtu ni faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote viwili. Tunza risiti, tunza skrinshoti za mazungumzo, andika tarehe kwenye daftari siku hiyohiyo. Ukiwa na hivyo mtu akikupigia simu kukutisha unaongea umetulia.

Kuna wenzetu wanaenda mahali wanasema "mi naandika, nina wafuasi elfu kadhaa, tunafanyaje?" Yaani unilishe au nikuchafue. Huo sio uandishi, huo ni ukabaji. Na mwenye biashara akikupa hela ufute ulichoandika kweli, rudisha hela, maandishi yaache.

8. Hata sifa iombee ruhusa

Hili halisemwi sana. Kuna bibi alikuwa anauza mihogo ya nazi jioni, sahani thelathini hivi, anawauzia watu wa mtaa wake na vijana wanaopita na baiskeli wakitoka kazini, saa moja kamaliza anaingia ndani anaswali. Nikamsifia. Nlimsifia kwa moyo wote na kila neno lilikuwa kweli. Wiki ile wakaja watu na magari kutoka mitaa ambayo hajawahi kuisikia, sahani thelathini zikaisha saa kumi na mbili kasoro, wale wa baiskeli wakakuta sufuria tupu, wa magari waliokosa nao wakaandika "mnatudanganya, hamna kitu pale". Akajaribu kupika mara mbili, mgongo ukamkataa. Mwenye nyumba akasikia biashara imechanganya akapandisha kodi ya kibaraza.

Sasa nauliza kabla ya kusifu pia. "Bibi, nikiandika watakuja wengi, unataka?" Wengi wanataka, na wanafurahi sana. Wachache wanasema mwanangu niache na watu wangu. Nawaacha, nakula mihogo yangu nikitulia. Anayekubali nakubaliana naye niandike nini, saa ngapi anafunga, sahani ngapi anapika, kwamba zikiisha zimeisha, ili atakayekuja kutoka Chumbageni asije na lawama.

9. Ukishaandika hujamaliza

Weka tarehe juu. Bei ya mwaka juzi bila tarehe inamgombanisha muuzaji na kila mtu anayekuja na simu mkononi anasema "mbona hapa imeandikwa elfu mbili". Mi kila baada ya miezi sita hivi napita tena sehemu nlizoziandika vibaya, sio zote zinawezekana, ila za vibaya nazipa kipaumbele. Mpishi kabadilika, choo kimejengwa, andika.

Ukikosea usifute kimyakimya, mana waliosoma mwanzo wanabaki na uongo wako kichwani, wengine walishapiga skrinshoti. Weka sahihisho palepale juu, watu walewale waone, kwa ukubwa uleule. Kwa yule mama wa samaki niliandika hivi, nikamsomea kwanza akiwa anageuza samaki kwenye kikaango, akanirekebisha sehemu moja (nlisema vyombo havikutoka siku mbili, akasema nne), nikaweka:

"Mwezi wa saba niliandika kwamba mama huyu anaibia kastama. Si kweli na sikumuuliza. Kulikuwa na kusi, vyombo havikutoka siku nne, alinunua samaki ghali kuliko kawaida na alikuwa anauza bila faida. Nimerudi mara tatu baada ya hapo, tarehe na bei za kila siku nimeziweka hapa chini. Samaki ni wabichi, wanaiva mpaka ndani, na bei imeshuka na bahari. Walionisikiliza mimi wakaacha kwenda kwake, naomba warudi. Yupo kila siku kuanzia saa sita mchana isipokuwa Ijumaa."